Skani ya PET ya enzaimu za ubongo inakupa matokeo ya ajabu? Angalia haya kwanza

Wengi wetu hapa Kampala, Mbarara na Gulu tunaoshughulika na PET ya ubongo (skani inayofuata dawa yenye mionzi ndani ya mwili) hatukai karibu na saiklotroni, mashine inayotengeneza hiyo mionzi, tunapakua data za watu kutoka OpenNeuro, hazina ya wazi ya data za ubongo mtandaoni, na kwingineko, usiku ndo intaneti inaenda vizuri, tunafungua kwenye laptop halafu zinatoka namba ambazo wewe mwenyewe ukiziona unajua hapana, hii haiwezekani. Enzaimu karibu sifuri. Au mtu mmoja ana mara tatu ya wenzake. Au thalamasi, ile ya katikati ya ubongo, inang'aa safi kabisa lakini na yule aliyemeza dawa ya kuzuia enzaimu naye anang'aa vilevile. Nimeziweka hapa dalili zinazorudirudi na sababu zake, kwa mpangilio ninaoufuata mimi nikiletewa faili.

Kabla hujagusa kitu elewa hili, maana dalili karibu zote zinarudi hapa: skani haioni enzaimu. Inaona mionzi tu, inatoka wapi na saa ngapi. Tresa, yaani ile dawa yenye mionzi anayochomwa mtu, imebebwa na damu mpaka ubongoni, ikavuka ukuta wa mishipa, nyingine ikarudi kwenye damu, nyingine ikanaswa na enzaimu ikabaki palepale. Kasi ya kuingia tunaiita K1, ya kurudi k2, ya kunaswa k3. Unachotafuta wewe ni k3, na mwanga unaouona kwenye skrini ni vyote vitatu vimechanganyika, pamoja na ile tresa iliyojishikiza tu kwenye mafuta ya tishu bila kazi yoyote. Kwa hiyo kila ukiona eneo linang'aa, au limefifia, uliza kwanza: hii ni damu, au ni enzaimu?

Picha nzima imefifia, chengachenga tupu

Anza na saa. Kaboni-11 ina nusu-uhai ya dakika 20.4, florini-18 dakika 109.8. Skani ya dakika 90 kwa kaboni-11 ikifika mwisho imebaki na mionzi chini ya asilimia 5 ya ile ya mwanzo, kwa hiyo fremu za mwisho kuwa na chenga si ugonjwa, ndivyo zilivyo. Ndo maana pia hizi tresa za kaboni-11 zinatengenezwa jengo lilelile lenye skana au la jirani. Nairobi saiklotroni ipo, na ndege Nairobi mpaka Entebbe ni kama saa moja, lakini jumlisha kupakia, kukaguliwa na barabara ya kupanda Kampala, piga hesabu ya saa tatu: kaboni-11 imebaki asilimia 0.2, florini-18 imebaki kama 32. Ya pili ni kazi inayowezekana, na hata FDG (glukosi yenye florini-18) ya kwanza kabisa kupewa binadamu, mwaka 1976, ilitengenezwa Brookhaven, maabara ya Marekani, ikapandishwa ndege mpaka Philadelphia.

Kama zilizofifia ni hata fremu za mwanzo, angalia dakika mbili za kwanza. Sindano ikiingia vizuri kwenye mshipa, mstari wa damu unapanda kwa kasi kisha unashuka. Ukiuona unapanda polepole kama haujali, na hauna kilele, inawezekana dawa ilivujia chini ya ngozi ya mkono, na hiyo huwezi kuirekebisha kwa programu yoyote, mtu huyo mtoe kwenye uchambuzi.

Halafu mambo ya faili, haya ya kijinga ndo yanakula siku nzima. Bq na kBq zimechanganywa. Uzito wa mgonjwa haujajazwa. Saa ya sindano na saa ya kuanza skani zimeandikwa kwa saa mbili tofauti za ukutani. Marekebisho ya mionzi kuoza yamefanywa mara mbili, mara moja na skana na mara ya pili na wewe: dalili yake ni mstari ambao mwishoni unapanda na kupanda katika kila eneo, hata kwenye damu yenyewe. Damu haiwezi kupanda dakika ya 80. Ukiona hivo fungua lile faili dogo la maelezo la JSON linalokuja na picha usome lilichosema kuhusu marekebisho, usibahatishe.

Inang'aa vizuri lakini haibadiliki: mgonjwa, mzima, aliyemeza dawa, wote sawa

Hapa ndo watu wanaumia zaidi, maana picha ni nzuri na inadanganya kwa uzuri wake.

Chukulia Old Taxi Park, stendi ya taksi ya Kampala, saa kumi na moja jioni. Makonda wakiwa wengi na wakali kiasi kwamba kila abiria akitokea anakalishwa hapohapo, ukihesabu waliokaa ndani ya taksi umehesabu abiria waliofika park, makonda hujawahesabu. Ondoa nusu ya makonda, bado kila anayefika anakalishwa, namba yako iko palepale. Tresa ikinaswa haraka mno na enzaimu ni nyingi, mwanga unapima damu iliyoleta tresa, haupimi enzaimu.

Weka namba uone. Kasi ya jumla ya kubaki, Ki, ni K1 mara k3, gawanya kwa k2 jumlisha k3. Nachukua mfano wa kubuni: K1 ni 0.4, k2 ni 0.05, k3 ni 0.5. Ki inakuwa 0.36. Sasa punguza enzaimu nusu, k3 iwe 0.25, Ki inakuwa 0.33. Yaani nusu ya enzaimu imepotea na kipimo chako kimeshuka asilimia 8 tu, kitu ambacho chenga peke yake zinaweza kukificha. Rudia na tresa ya polepole, k3 iwe 0.02 kisha 0.01: Ki inatoka 0.114 inaenda 0.067, imeshuka asilimia 42. Enzaimu ni ileile, tresa ndo imebadilika.

Hili ndilo lililowakuta kina Joanna Fowler pale Brookhaven, waliochora ramani ya MAO-A na MAO-B (enzaimu mbili zinazovunja kemikali za ubongo kama dopamini) kwenye ubongo wa mtu aliye hai mwaka 1987 kwa klojilini na L-depreniri zilizowekewa kaboni-11, dawa ambazo enzaimu ikizigusa inajifunga nazo moja kwa moja. L-depreniri kwenye maeneo yenye MAO-B nyingi kama thalamasi na basal ganglia ilikuwa inanaswa haraka kupita kiasi. Walichofanya mimi bado naona ni ujanja mkubwa: wakabadilisha haidrojeni pale pale enzaimu inapokata, wakaweka deuteri, ile haidrojeni nzito. Kiungo cha kaboni na deuteri kinakatika polepole kuliko cha kaboni na haidrojeni, mwitikio ukapungua kasi, kipimo kikaanza kuisikia enzaimu. Kwa hiyo kama data yako ni ya depreniri angalia ni ya kawaida au ni ile ya D2, yaani yenye deuteri, kabla hujalinganisha na karatasi ya mtu mwingine, ni tresa mbili tofauti hizo.

Asetilikolinesterasi, enzaimu inayovunja asetilikolini, ina shida hiyohiyo. Tresa yake ya MP4A inafaa kwenye gamba la ubongo ambako enzaimu ni kidogo, lakini kwenye straitamu, sehemu ya ndani ya ubongo ambako enzaimu ni tele, inakupa damu. Tresa nyingine, PMP, inakatwa polepole zaidi ndo maana wengine wanaipendelea. Mtu akikuletea habari ya straitamu kwa MP4A akasema enzaimu haijabadilika, mwambie tu pole ssebo, hujaipima.

Cha kufanya: chora K1 dhidi ya kipimo chako kwa kila eneo. Vikifuatana kama pacha, shida ni hii. Jaribu λk3, yaani K1 gawanya kwa k2, mara k3, ambayo inapunguza sana mkono wa damu. Na kama k3 inatoka na kosa kubwa kuliko namba yenyewe usilazimishe, data haina hiyo habari ndani yake.

Mtu mmoja yuko chini ubongo mzima

Usikimbilie ugonjwa. Uliza anavuta sigara? Kikundi cha Brookhaven kilionyesha mwaka 1996 kwamba MAO-B kwenye ubongo wa wavutaji iko chini kwa kama asilimia 40 ukilinganisha na wasiovuta na walioacha, na MAO-A iko chini kwa kama asilimia 28. Si nikotini yenyewe inayofanya hivo, ni vitu vingine ndani ya moshi. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko magonjwa mengi tunayoyatafuta, kwa hiyo kundi moja likiwa na wavutaji wengi kuliko lingine, matokeo yako ni ya sigara. Uliza na walioacha, lini waliacha. Sigara moja kwa mtu asiyevuta haijaonyesha kupunguza MAO-B, kwa hiyo yule aliyevuta moja kwenye harusi usimfukuze.

Halafu dawa. Selejilini na rasajilini za Parkinson zinaifunga MAO-B moja kwa moja, mwili lazima utengeneze enzaimu mpya, na kwa binadamu kurudi nusu kunachukua kama siku 40. Mtu akikuambia "niliacha wiki mbili zilizopita" bado yumo ndani ya dawa. Moklobemidi ya MAO-A hiyo inaachia, hadithi yake ni fupi. Sisi huku kuna moja nyingine ambayo fomu za Ulaya mara nyingi hazina kisanduku chake: linezolidi, ya TB sugu, ni kizuizi chepesi cha MAO zote mbili. Wala si ajabu ukikumbuka kwamba vizuizi vya MAO vilianzia hukohuko, iproniazidi ilikuwa dawa ya TB miaka ya 1950, wagonjwa wakawa wachangamfu kupita kawaida. Kwa hiyo usiulize tu "unameza dawa za akili?", mzee atakujibu hapana na atakuwa amesema kweli. Mwambie alete vidonge vyote alivyonavyo nyumbani uviweke mezani.

Urithi nao upo. FAAH, enzaimu inayovunja anandamidi (kemikali ya asili ya ubongo), kwa tresa ya CURB inatoka chini kwa watu wenye aina ya jeni inayoitwa C385A. Hao ni wazima, usiwaite wagonjwa. Na umri: MAO-B inapanda kadiri mtu anavyozeeka, kwa hiyo kulinganisha wanafunzi wa Makerere na wazee wao ni kupima miaka.

FDG imefifia ubongoni, misuli inang'aa

Amekula. Au amekunywa chai ya sukari, kwa mtu wa huku "sijala" mara nyingi maana yake ni kwamba hajala matoke, chai na mandazi havihesabiki. Uliza hivi: leo umeweka nini mdomoni tangu uamke? FDG inashindana na glukosi kwenye mlango uleule na kwenye heksokinasi ileile, enzaimu inayoibandika fosfeti, sukari ya damu ikiwa juu FDG inakosa nafasi, na insulini ikishapanda inaisukuma kwenye misuli. Saa 4 bila kula angalau, pima sukari kabla ya sindano. Mwenye kisukari usimchome insulini dakika za mwisho ukidhani unasaidia.

Kama nyuma ya kichwa, kwenye eneo la kuona, kunang'aa kuliko kwa wengine, alikuwa amefungua macho kwenye taa kali, au alikuwa anachezea simu baada ya sindano. Nusu saa ile ya kwanza ndiyo inayoandikwa.

Na tuseme ukweli, FDG watu wanaiita kipimo cha heksokinasi lakini ni usafirishaji na heksokinasi pamoja. Ikishapigwa fosfeti inakwama kwa sababu haina oksijeni pale namba mbili, hatua inayofuata inaikataa.

FDOPA, tresa ya njia ya dopamini, ni ndugu yake kwa tabia ya chakula, ila yenyewe adui ni protini. Amino asidi za maharage, nyama na maziwa zinapita mlango uleule wa kuingia ubongoni. Tena bila dawa ya karbidopa kabla ya sindano, enzaimu ya AADC ya huko mwilini inaimaliza tresa njiani na ubongo unapata makombo. Straitamu ikionekana hafifu na mandharinyuma imejaa ukungu, uliza karbidopa kwanza, halafu jua kwamba enzaimu nyingine, COMT, inatengeneza mabaki yenye metili ambayo yanaingia ubongoni yenyewe na kuleta huo ukungu. Karbidopa hayo haiyazuii.

Inang'aa mahali ambapo haikutakiwa

Kisa cha THK5351 kinatosha kumfundisha mtu. Ilitengenezwa Tohoku, Japani, kwa ajili ya protini ya tau ya Alzheimer, picha zikatoka nzuri, halafu watu wakapewa selejilini miligramu 10 na mwanga ukashuka kwa theluthi hadi nusu. Tau haijui selejilini ni nini. Sehemu kubwa ya ule mwanga ilikuwa MAO-B. Baadaye wakaigeuza familia hiyohiyo ya kemikali wakapata SMBT-1 inayolenga MAO-B kwa makusudi, kwa hiyo haikupotea bure.

Ndo maana mimi nikipewa tresa ngeni swali la kwanza ni: mtu amepewa kizuizi akaskaniwa tena? Kama hakuna jaribio hilo, ile picha ni dhana. Na likiwepo soma dozi, na usome kama damu ya ateri ilipimwa, kwa sababu kizuizi kikifunga enzaimu ya mapafuni na kwenye ini tresa nyingi zaidi inabaki kwenye damu na ubongo unaweza hata kupanda dakika za mwanzo.

Mfupa wa fuvu unang'aa? Florini imebanduka kutoka kwenye tresa ikaenda kwenye mfupa, na mwanga wake unamwagikia gamba la ubongo lililo chini yake. Sehemu nyeupe ya ubongo, yenye nyuzi za neva, inang'aa mwishoni? Hiyo mara nyingi ni kujishikiza kwenye mafuta.

Modeli inagoma, au inakupa namba za kichaa

K1 kubwa ajabu, au ujazo wa damu hasi: tazama ucheleweshaji. Damu ya ateri inachukuliwa kwenye kifundo cha mkono, haifiki hapo sekunde ileile inayofika ubongoni, na mrija wa mashine unauvuta na kuulainisha mstari. Sekunde chache tu zinaivuruga K1 nzima. Programu nyingi zina sehemu ya kurekebisha ucheleweshaji, iwashe.

Kipimo kiko chini kwa kila mtu ukilinganisha na karatasi iliyochapishwa: umeingiza mionzi yote ya plazma bila kutoa mabaki. Ini linaikatakata tresa, baada ya muda kinachozunguka kwenye damu si ulichochoma. Lazima uwe na ile safu ya asilimia ya tresa iliyo nzima, kutoka maabara ya HPLC (mashine inayotenganisha kemikali), kwa kila muda. L-depreniri ina ubaya wa ziada, moja ya mabaki yake ni methamfetamini yenye kaboni-11 ambayo inaingia ubongoni bila kuomba ruhusa.

"Lakini si nitumie serebelamu, ubongo mdogo wa nyuma, tu kama eneo la kulinganishia, niepuke damu ya ateri?" Hili naulizwa sana. Kwa risepta kadhaa inawezekana. Kwa enzaimu nyingi hapana, MAO iko kila mahali, enzaimu ya HDAC inayoonekana kwa tresa ya Martinostati nayo iko ubongo mzima, serebelamu yako ina enzaimu na dawa ikiizuia kote, uwiano wa eneo lako na serebelamu unabaki, tuseme, 1.2 kama kawaida na wewe unaandika kwamba dawa haifanyi kazi.

Upande mmoja umezidi, au mzee ana enzaimu kidogo

Upande mmoja umezidi hasa pembeni pembeni: kichwa kimesogea baada ya CT, marekebisho ya kufyonzwa kwa mionzi yamekaa juu ya hewa badala ya mfupa. Cheza fremu kama video, utaona pua inahama. Pangilia fremu kwanza ndo uchore maeneo.

Wazee: ubongo umesinyaa, skana inatia ukungu wa milimita kadhaa, mwanga wa gamba jembamba unamwagika kwenye maji ya pembeni. Bila MRI na marekebisho ya huo mmwagiko utasema enzaimu imepungua wakati kilichopungua ni nyama yenyewe. Fanya na bila marekebisho, ripoti zote mbili.

Ukikwama kabisa na unataka mtu akuangalizie, usitume picha ya rangi nyekundu na njano peke yake. Tuma jina kamili la tresa pamoja na isotopu, saa ya sindano, grafu ya thalamasi, serebelamu na damu kwenye ukurasa mmoja, ile safu ya mabaki kama ipo, na orodha ya dawa na sigara za huyo mtu.